Mguu wa klachi

Ajali yetu haikuua mtu, kwa hiyo haikufika hata redioni. Ilikuwa Julai 2017, kati ya Nyororo na Mafinga, tunatoka Mbeya kwenda Dar es Salaam na basi la abiria, mimi nikiwa dereva. Anayeijua barabara ile anajua ukungu wa Julai ulivyo ukikaribia misitu ya Sao Hill: unaendesha kana kwamba mtu amekutundikia shuka jeupe mbele ya kioo. Lori lenye tela lilikuwa limeharibika palepale kwenye njia yetu. Dereva wake alifanya kile ambacho sote tumewahi kufanya, alikata matawi akayalaza kwenye lami nyuma ya tela, halafu akaingia uvunguni kuhangaika na gari lake. Sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga. Matawi hayaakisi kitu. Yalikuwa mabichi, yamelowa, na ndani ya ukungu ule huwezi kuyatofautisha na lami.

Niliyasikia chini ya tairi kabla sijayaona. Kulia kulikuwa na taa za gari linalokuja, sikuwa na pa kwenda, nikashikilia breki na usukani hadi mwisho. Abiria walichubuka, wawili walivunjika mikono. Konda wangu alikuwa nyuma anagawa soda, ndiyo iliyomwokoa.

Mimi nilikuwa kwenye dungu. Haya mabasi ya siku hizi ambayo injini iko nyuma, abiria wanayapenda kwa sababu hayana kelele wala joto, na mimi niliyapenda pia. Lakini hayana pua. Mbele ya magoti ya dereva kuna dashibodi, bati na kioo, basi. Tela liliingia mpaka kwenye dashibodi, dashibodi ikaja kwangu. Fupa la paja la kushoto lilikatika, na kifundo cha mguu uleule kikabanwa kati ya pedali ya klachi na sakafu iliyojikunja. Kichwa kiligonga nguzo ya dirisha. Konda anasema nilikaa nimebanwa saa moja na nusu hadi lori jingine lilipofunga mnyororo na kuvuta. Mimi ningeapa zilikuwa dakika kumi.

Watu huniuliza, nusu utani, kwa nini sikukimbia. Mmezoea kusoma kwamba dereva alitoroka baada ya ajali na anatafutwa. Sikukimbia kwa sababu sikuwa na mguu wa kukimbilia. Ningekuwa nao, sijui. Dereva anayebaki eneo la tukio anaweza kupigwa na wananchi wenye hasira kabla askari hajafika, na kila dereva ana mwenzake mmoja au wawili waliopigwa hivyo. Lakini nimekuja kugundua jambo kuhusu wale wanaokimbia. Wengi wanakimbia wakiwa wameumia. Yupo mwenzetu alitembea porini usiku kucha akiwa na mbavu tatu zimevunjika, akafika kwa shemeji yake akakandwa maji ya moto wiki tatu. Hakwenda hospitali kwa sababu hospitali wangetaka fomu ya PF3, na PF3 inatoka polisi. Leo hawezi kulala ubavu wa kulia wala kupandisha ngazi bila kutweta, na hakuna karatasi yoyote duniani inayosema aliwahi kuumia. Kwenye taarifa ya ajali ile yeye ni mtuhumiwa. Hayumo kwenye idadi ya majeruhi.

Na mimi sikuwa mbali na hapo. Wodini nilikuwa na sista upande mmoja na askari upande wa pili anasubiri maelezo. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ila ukianza kuitwa mtuhumiwa, unajisahau kwamba wewe pia ni mgonjwa. Nilipoulizwa ninaumwa wapi, nilitaja mguu tu. Kichwa sikukitaja. Niliogopa wakiandika kichwa watasema nilikuwa nimesinzia. Kosa hilo lilinigharimu baadaye, maana ile fomu ya kwanza ndiyo kila ofisi inarudi kuisoma.

Miezi minne ya kwanza nilikuwa na vyuma vya nje, vile ambavyo wodini tuliviita antena, baadaye nikawekewa chuma ndani ya mfupa. Kifundo kilifungwa hogo la plasta. Ndugu walikuja na habari za mtaalamu wa kienyeji anayeunga mifupa kwa kumvunja kuku mguu, kuku akitembea na wewe unatembea. Nikawaambia kuku wake hajakaa kwenye klachi. Tulicheka, lakini usiku maumivu yalipozidi, nilimfikiria sana yule kuku.

Hogo lilipofunguliwa, kila mtu nyumbani alishangilia. Hapo ndipo nilipodhani ajali imeisha.

Mguu wa kushoto ulipona ukiwa mfupi kwa karibu sentimita mbili. Ukisema sentimita mbili watu wanaona ni kama hakuna kitu. Chukua kandambili moja, vaa mguu mmoja, tembea hivyo kutwa nzima, kisha uniambie kiuno kinasemaje jioni. Ilinichukua mwaka kuelewa kwamba maumivu ya mgongo yaliyoanza baadaye hayakuwa ugonjwa mpya. Fundi viatu wa mtaani kwetu alinibandikia soli ya ziada kwa shilingi elfu tatu, na soli ile imenisaidia kuliko dawa nyingi nilizomeza. Yule dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akinipigia kelele nisikwepe siku zangu, alikuwa ameshaniambia tangu mwanzo: "Baba, pima miguu yako, nunua kiatu." Nilidhani ananidharau.

Kifundo nacho kiligoma kukunjika. Kwa mtu wa kawaida kifundo kigumu ni kuchechemea. Kwa dereva wa basi la gia za mkono ni kitu kingine kabisa. Mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi. Kutoka Kimara mpaka stendi ya Ubungo wakati ule, kwenye foleni ya jioni, unakanyaga na kuachia mpaka huwezi kuhesabu tena, na klachi ya basi si ya gari dogo. Ukiwa mzima huijui hiyo kazi, kama usivyoijua kazi ya kupumua. Mimi nililazimika kuinua paja lote ili nyayo ifike chini, na kila nikifanya hivyo chuma kilichomo ndani ya paja kinanikumbusha kiko wapi.

Nilirudi kazini baada ya miezi kumi na sita. Hakuna aliyenilazimisha. Watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ada, na mimi nilikuwa naona aibu kukaa kibarazani saa nne asubuhi na wanawake wanaochambua mchicha. Leseni yangu ya daraja C ilikuwa hai. Tajiri, mwenye basi, aliniangalia natembea kutoka getini hadi ofisini kwake, hatua kama ishirini, nikajikaza nisichechemee, akasema nipo sawa. Huo ndio ulikuwa uchunguzi wangu wa afya.

Nilikuwa namudu kwa dawa. Diklofenaki kabla ya kuwasha gari, nyingine Ruaha Mbuyuni, nyingine usiku. Duka la dawa la pale stendi walikuwa wananijua, sikuwa hata nataja jina. Baada ya mwaka hivi nikaanza kutapika vitu vyeusi kama masalia ya kahawa, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo na kwamba dawa zile zikimezwa mfululizo bila daktari hufanya hivyo, na figo nazo haziziachi salama. Madereva wangapi wanazitafuna kama karanga? Nenda duka lolote la dawa karibu na stendi saa kumi na moja alfajiri, kaa pembeni uangalie.

Kichwa sasa. Hapa nitasema polepole kwa sababu ndicho nilichokificha kwa muda mrefu zaidi.

Kwanza ilikuwa taa. Gari likija mbele yangu usiku, mwanga ulikuwa unaingia kichwani kama sindano na kukaa humo baada ya gari kupita. Halafu kusahau. Abiria anakwambia atashuka Ilula, unaitikia, unafika Kitonga. Mara moja unacheka naye, mara ya tatu anakutukana, na ana haki. Halafu matawi. Siku moja mke wangu alikuwa anapunguza michongoma ya uani, matawi yameanguka njiani, mimi natoka sokoni. Nilisimama pale. Jasho, moyo unapiga, mikono imeshika kitu ambacho hakipo. Nilikaa chini hadi mtoto akaja kuniuliza kama nimepoteza hela.

Usiku nilikuwa nakanyaga breki. Mguu wa kulia unapiga mbao za mwisho za kitanda, paa, paa. Mke wangu alijifunza kuniamsha bila kunishtua. Ananiwekea mkono kifuani na kusema, "Baba watoto, gari imeshasimama. Lala." Alisema hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Hajawahi kulalamika kwa mtu ninayemjua, ila naye alikuwa halali, na mchana alikuwa na biashara ya kusimamia kwa sababu mimi sikuwa naleta kitu.

Kwa watu wa kazi yetu, ukisema unaota ajali utapelekwa kwenye maombi au utaambiwa kuna mtu anakuchezea, mara nyingi ni dereva mwenzako anayelitaka gari lako. Maombi nilikwenda, na sitayasema vibaya, yalinipa watu wa kukaa nao. Lakini aliyenielewesha ni daktari wa kitengo cha afya ya akili, nilikokwenda kwa kujificha huku nimevaa kofia. Alinieleza kwamba ubongo uliotikiswa na moyo ulioogopa si kitu kimoja, ila huja pamoja na kufanana, na kwamba hakuna hata kimoja ambacho ni woga. Akaniuliza mbona hakioni kichwa kwenye karatasi zangu za mwanzo. Nikatazama chini.

Siku niliyoacha usukani haikuwa na kishindo. Ilikuwa 2019, tunateremka Kitonga tukitoka Mbeya. Kitonga hushuki kwa breki, unashuka kwa gia. Unachagua gia yako juu kabla mlima haujakuchukua, na ukihitaji kupunguza unapunguza mara moja, haraka, kwa sababu gari likikaa bila gia pale kwa sekunde chache linakuwa na akili yake lenyewe. Nilihitaji kupunguza. Nikakanyaga klachi, kifundo hakikukunjika, nyayo haikufika mwisho. Gia ikakataa. Ule mlio wa meno yanayosagana nausikia hadi leo. Nikainua paja, nikasukuma kwa kiuno, gia ikaingia. Nasema sekunde mbili, labda tatu. Abiria walikuwa wanaangalia mabonde na kupiga picha.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakazunguka madirishani kama kawaida yao. Safari ndefu kama ile lazima iwe na madereva wawili, na mwenzangu, kijana, alikuwa amelala nyuma. Nikamwamsha. Nikamwambia, "Endelea nalo, mwanangu." Akaangalia saa, zamu yake ilikuwa Morogoro. Akaniangalia mikono. Hakuuliza. Konda, yuleyule wa siku ya ukungu, alikuja kukaa karibu yangu na fungu la vitunguu ambavyo hakuna kati yetu aliyehitaji.

Upande wa fedha nitausimulia kwa sababu ndio madereva wengi wanaoniuliza.

Nilikuwa na imani, na bado naikuta kwa wengi, kwamba gari likiwa na bima basi bima itanilipa. Hapana. Ile bima ya lazima, tunayoiita bima ndogo, iliwekwa kwa ajili ya abiria na watu wa nje: mpita njia, mwenye baiskeli, waliomo kwenye gari ulilogonga. Dereva aliyeajiriwa ni mfanyakazi wa mwenye gari, kwa hiyo akiumia kazini hayumo humo. Anakwenda kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huo wanaouita WCF, ulioanza kazi 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia, wewe hukatwi kitu. Na dai linatakiwa lifike ndani ya miezi 12.

Mimi hiyo habari ya miezi 12 niliipata mwezi wa kumi na moja tangu niumie. Tajiri alikuwa amelipa hospitali za mwanzo, kwa kweli alilipa, na kila nikimpigia alisema "pona kwanza, tutamalizana." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani naye alikuwa hajui vizuri, au alijua na hakutaka maswali. Aliyeniokoa ni mzee mmoja tuliyekutana kwenye benchi la mazoezi, fundi wa kiwandani, mkono wake ulikuwa umeliwa na mashine. Akaniuliza kama nimeshapeleka dai. Nikamwuliza dai gani. Alisonya, akaniandikia vitu vya kuleta nyuma ya kadi yangu ya kliniki.

Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa na mkataba wa kuandikwa. Ule mkataba ni tunda la mgomo wa Aprili 2015, wakati madereva tulipoegesha na Ubungo ikajaa abiria wasio na pa kwenda. Mikataba ilikuwa mojawapo ya tulivyovidai. Wakati ule niliona ni karatasi moja isiyo na maana, nikaiweka chini ya godoro. Kumbe.

Na kilichoniangusha ni mkataba huohuo. Mshahara ulioandikwa mle ulikuwa shilingi 250,000. Maisha yetu hayakuwa pale, yalikuwa kwenye posho ya safari na vichwa vya njiani (abiria wa kuokotwa barabarani), ambavyo havijaandikwa popote na ambavyo mimi mwenyewe nilifurahi visiandikwe. Fidia ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi ni asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Asilimia 70 ya mshahara wa kwenye karatasi. Ni shilingi 175,000 kwa mwezi, kwa nyumba iliyokuwa inaendeshwa kwa karibu mara nne ya hizo. Ulemavu wa kudumu ukatathminiwa baadaye kwa mguu peke yake, ukawa chini ya asilimia 30, nikalipwa kwa mkupuo mmoja badala ya pensheni ya kila mwezi. Kichwa hakikuingia. Kilikuwa hakijaandikwa.

Sikulia kwa hilo. Nilinunua cherehani mbili za mke wangu na nikalipa madeni ya shule. Ila nilikaa nikafikiri juu ya ile siku ya wodini, ninaumwa wapi, mguu tu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwa mwaka hufa watu kama milioni 1.19 barabarani duniani kote. Wanaoumia bila kufa, linasema ni kati ya milioni 20 na milioni 50. Zitazame hizo namba kama dereva anayetazama dashibodi. Waliokufa wamehesabiwa hadi desimali mbili. Sisi tuliobaki, makadirio yanapishana kwa watu milioni 30.

Siku hizi nipo Mbezi, stendi ya Magufuli, upande wa mizigo. Napokea maboksi, naandika, nabandika namba. Kazi ya kukaa na kusimama, mgongo unaivumilia. Mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo wakati mwingine nafunga dirisha saa nne, na taa za mabasi yanayotoka zinanipata machoni, nageukia ukutani mpaka yapite. Vijana wa mizigo wanadhani nasali.

Wiki iliyopita alipita dereva mmoja wa Singida, kijana wa miaka thelathini na kidogo, kuulizia boksi la vipuri. Alishuka kwenye basi kwa mguu wa kulia kwanza, akashika mlango kwa mikono miwili. Nikajua kabla hajafika. Nikamwuliza mguu una nini. "Ganzi tu, mzee." Nikamwuliza ganzi tangu lini. Akasema tangu aliposukumwa na semitrela Sekenke, lakini haikuwa ajali ya maana, hata abiria hawakuumia, alijifunga bandeji akaendelea. Kisha akatoa noti ya elfu mbili akaniomba nimtume mtoto duka la dawa.

Nikamwuliza Sekenke ilikuwa mwezi gani. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akasema Machi. Na sasa tupo Januari. Hospitali alikwenda? Mara moja, siku hiyohiyo, walimjazia PF3 na kumpa karatasi ya picha, lakini hajui viko wapi, labda nyumbani kwa mama yake Manyoni.

Basi lake lilikuwa linaondoka baada ya dakika arobaini. Nikamrudishia ile noti. Nikamwambia ampigie mama yake simu sasa hivi, mbele yangu, amwombe aangalie chini ya godoro.